Ganda la Shafti ya Mungaa

Mama Agripina hakuitua shafti ile. Aliibwaga. Iligonga sakafu ya karakana kwa kishindo, ikabingirika kati ya vyuma chakavu, ikaja kusimama kwenye buti za Winfrida. Nje, wachomeleaji waliacha kuchomelea. Mtaa mzima wa Mandewa hupenda ugomvi wa bure, na huu ulikuwa umejileta wenyewe kwa pikapu.

"Shikamoo, mama," alisema Winfrida.

"Shikamoo yako iweke kwanza. Iangalie hiyo aibu."

Winfrida aliinama. Shingoni mwa shafti, pale alipokuwa amepulizia chuma kipya, ganda lilikuwa limevimba na kufumuka kama ngozi ya mtu aliyeunguzwa na uji. Chini yake kutu ilikuwa nyekundu na mbichi. Aligusa kwa ukucha, kipande kikabanduka, kikamwangukia kiganjani.

"Ya pili hiyo," alisema Mama Agripina. "Ya kwanza mlisema pampu yetu imefungwa vibaya. Leo semeni ni ng'ombe wetu wanaitazama kwa jicho baya."

Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji huko Mungaa, mwanamke mrefu aliyejifunga kitenge kama anakwenda kupigana mieleka. Shafti ilikuwa ya pampu ya kisima kinachonywesha mifugo ya kijiji kizima. Maji ya kisima hicho yana chumvi. Ng'ombe wanayapenda, chuma hakiyapendi. Yalikuwa yameila shingo ya shafti mpaka ikawa nyembamba, na kazi ya Winfrida ilikuwa kuirudishia unene wake. Aliyeyusha waya wa chuma kwa moto wa gesi ndani ya bunduki ya kupulizia, upepo wa kompresa ukayarusha matone, na matone yakajengana juu ya shingo mpaka yakawa ganda jipya. Kazi nzuri, ikifanyika vizuri. Na yeye alijua ameifanya vizuri.

Gasto alitokea nyuma ya mashine ya kukereza, akijifuta mikono polepole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Winfrida aliisikia marahaba hiyo. Ilimchoma kuliko matusi.

Gasto alikuwa kaka yake mkubwa, mtoto wa kwanza wa mzee Filipo aliyeijenga karakana hii. Mzee alipofariki, ukoo ulimkabidhi Gasto jengo na mashine ya kukereza. Kuhusu bunduki ya kupulizia, wazee walisema watoto waitumie pamoja. Pamoja, kwa tafsiri ya Gasto, maana yake ilikuwa Winfrida atumie na Gasto aamue. Tangu hapo kulikuwa na mtu wa Itigi aliyekuja mara mbili kuitazama bunduki hiyo, akiipapasa kama anayechagua mbuzi.

"Mimi nimechoka kuomba radhi kwa ajili yako," Gasto alisema. Hakusema na dada yake. Alisema na karakana nzima. "Chuo kimekupa diploma ya kupuliza au ya kubandua?"

"Ya zote mbili!" alidakia Peniel, mchomeleaji wa jirani, aliyekuwa ameegemea mlango na miwani yake nyeusi juu ya paji la uso. "Asubuhi anapuliza, jioni anabandua. Kazi haiishi!"

Watu walicheka. Winfrida hakucheka.

"Tutairudia," alisema.

"Utairudia," Gasto alimsahihisha. "Mara ya mwisho. Hii ikibanduka, bunduki inakwenda Itigi. Mama Agripina ni shahidi."

"Na isipobanduka?"

"Isipobanduka ichukue. Iwe yako peke yako, hata ukitaka ulale nayo."

"Sasa huyo ndiye mume atakayemweza," Peniel alisema. "Mwenye moto kama yeye!"

Mama Agripina alipanda pikapu yake bila kuaga. "Keshokutwa mchana nakuja kuichukua," alisema kupitia dirishani. "Ng'ombe wanakunywa kwa ndoo, na wanaobeba ndoo ni wanawake. Nikirudi na takataka tena, sitaileta hapa. Nitaipeleka sokoni niitundike na jina lako."

*

Winfrida alibaki na kile kipande kiganjani.

Ganda la kupuliza si chuma kizima. Kwa macho linaonekana gumu, lakini ndani ni kama mkate, limejaa vitundu. Kwa hiyo ukishalipuliza hujamaliza. Unasubiri lipoe mpaka liwe vuguvugu, kisha unalinywesha dawa ya kuziba, majimaji mepesi yanayopenya kwenye kila kitundu na kugandia humo. Usipoziba, maji ya chumvi yatashuka tundu kwa tundu mpaka kwenye chuma cha zamani, yazae kutu, na kutu ikivimba italiinua ganda lote kama mzizi unavyoinua sakafu. Hayo alifundishwa. Hayo aliyafanya, mara zote mbili, kwa mikono yake. Dawa alikuwa ameimimina yeye.

Alikishika kipande kwa koleo, akakiweka juu ya mwali mdogo wa gesi. Dawa ikiungua hutoa harufu chungu inayokereketa kooni. Alisubiri harufu hiyo.

Kilichokuja kilikuwa harufu ya jikoni. Kipande kilitoa jasho, jasho likachemka, na karakana ikanukia kama mtu anakaanga vitumbua.

Mafuta ya alizeti.

Alikizima kipande kwenye ndoo ya maji, akakitia mfukoni. Alimtazama kaka yake mgongoni kwa muda mrefu, na kila alichowahi kukiwaza juu yake kilipata mahali pa kukaa. Huyu ananiharibia, alijisemea. Huyu anataka hela ya Itigi, na amepata njia ya kuniua huku anatabasamu.

Siku ya kuirudia, Gasto alilitoa ganda la zamani kwenye mashine yake, akaikwaruza shingo ya shafti ili ganda jipya lipate pa kushika. Winfrida aliipiga mchanga kwa upepo wa kompresa mpaka ikawa kijivu na kavu, akawasha bunduki, akapuliza. Chuma kiliruka kama mvua ya cheche, kikajenga. Alipozima, ganda lilikuwa sawasawa, halina nundu.

Kwa kawaida, wakati ganda linapoa, alikuwa akitoka kwenda kunawa vumbi machoni na kunywa chai kwa mama lishe ng'ambo ya barabara. Gasto alikijua kituo hicho cha chai kama saa ya ukutani. Siku hii Winfrida alitoka vile vile, kitambaa begani, akavuka barabara. Kisha akazunguka nyuma ya kibanda cha Peniel na kuingia kwa mlango wa mabati uliokuwa unatumika kutolea taka.

Gasto alikuwa amesimama juu ya shafti. Mkono wa kushoto alishika kopo la mafuta la marehemu baba yao. Mkono wa kulia ulikuwa uchi, umelowa mafuta, ukipita juu ya ganda vuguvugu taratibu, kama anampaka mtoto aliyetoka kuogeshwa. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa anasema kwa Kinyaturu maneno ambayo mzee Filipo alikuwa anayasema.

Ganda lilikuwa linakunywa. Lilikunywa, likajifuta mdomo, pakabaki kivuli tu.

"Toa mkono wako!"

Gasto alishtuka hadi kopo likagonga meza. Winfrida alikuwa tayari ameinyakua shafti, hata joto lake hakulisikia.

"Nimekukamata! Mchawi mkubwa we! Mara tatu! Mara tatu unaniharibia kazi halafu unasimama mbele ya watu unaniita mbanduaji!"

"Nani mchawi?" Sauti ya Gasto ilipanda. "Naipaka mafuta! Hujawahi kuona kitu kinapakwa mafuta?"

"Kabla ya dawa?"

"Kikiwa na joto! Baba alipaka lini? Alipaka kikipoa? Alipaka kikiwa na joto, kwa mkono, mkubwa wa karakana, tena kimya kimya, si mbele ya kila mtu. Wewe ulikuwa chuo, ungejuaje?"

Desturi Winfrida aliijua. Kila kilichotoka karakana hii kilipakwa mafuta ya alizeti ili kisishike kutu na kiondoke na heri. Lakini siku zote aliiona ikifanyika mlangoni, mzigo unapokabidhiwa, mteja akitazama. Hakujua kuwa kilichopulizwa kilikuwa na mpako wa kwanza, wa ndani, wa siri. Na uso wa Gasto haukuwa uso wa mtu aliyekamatwa. Ulikuwa uso wa mtu aliyevunjiwa sala katikati.

Hapo ndipo hasira yake ilipokosa njia. Mwizi ungemkamata ukamfunga. Huyu alikuwa anamtendea mema.

"Nilikuwa nakusaidia," Gasto alisema, na hilo lilikuwa baya kuliko yote. "Zilipobanduka nilisema labda nimepaka kidogo. Hii nimeipaka sana."

*

Pikapu ya Mama Agripina ilipiga honi nje. Aliingia na kuwakuta wamesimama kama majogoo, Peniel na wenzake wamejaa mlangoni.

"Ipo tayari?"

"Haipo," Winfrida alisema.

"Ipo," Gasto alisema.

"Nyie wawili mmerogwa na nani?"

Winfrida aliilaza shafti mezani. Kwa kuwa alimkatiza, Gasto alikuwa amepaka nusu tu ya shingo. Nusu ilikuwa na kivuli cha mafuta, nusu ilikuwa kavu. Alichukua chupa ya dawa ya kuziba, akadondosha tone moja upande mkavu. Tone lilizama papo hapo, kama limeangukia udongo wa mwezi wa kumi. Akadondosha lingine upande wa mafuta. Lilibaki juu, likang'aa, likateleza ubavuni mwa shafti na kudondoka mezani.

"Hiyo ndiyo sababu," alisema. "Vitundu vimeshajaa mafuta. Dawa haina pa kuingia. Nilikuwa namimina juu ya mlango uliofungwa."

Gasto alitazama. Kisha akachota maji ya kunawia kwa kiganja, akayadondosha upande wa mafuta. Maji nayo yalisimama, yakatetemeka, yakateleza.

"Na maji?" alisema, akimgeukia Mama Agripina. "Mama, umeona? Mafuta yanafukuza maji! Sasa kutu itatoka wapi?"

"Eeeh!" Peniel alisema. "Moja kwa moja. Diploma na kopo sare."

Winfrida alihisi macho yote yakihama. Akatoa kile kipande mfukoni, akakisukuma mkononi mwa Mama Agripina.

"Hiki nacho kilikunywa mafuta. Kilikunywa kikashiba. Kigeuze."

Mama Agripina alikigeuza. Upande wa chini ulikuwa umeota kutu nzito.

"Tone moja mezani mafuta yataliweza," Winfrida alisema. "Pampu inasukuma maji usiku na mchana. Yanayasafisha mafuta yote, na nyuma yake hakuna dawa, kuna tundu tupu."

"Presi za alizeti je?" Gasto alisogea. "Nenda kiwanda chochote cha kukamulia hapa Singida. Shafti alizopuliza baba zinazunguka mpaka leo. Alizipaka mafuta haya haya, mkono huu huu. Ipi imebanduka? Taja moja!"

Hakukuwa na ya kutaja, na Winfrida alilijua hilo. Kwenye presi ya alizeti, mafuta ndani ya vitundu ndiyo uhai wa shafti. Yanailainisha kutoka ndani, na nje yanaletwa mengine kila dakika. Mzee Filipo alikuwa amegundua jambo kubwa bila kufundishwa na mtu. Ila hakuwahi kupuliza shafti ya maji ya chumvi. Ndivyo tu. Angeweza kulisema hivyo hivyo lilivyo, na kaka yake angebaki na baba yake mzima.

"Baba hakujua!" alipiga kelele. "Hakujua, na wewe hujui, na mnapaka tu kama mnapaka maiti!"

Peniel alishusha miwani machoni.

Mama Agripina alikitupa kile kipande mezani. "Baba yenu simjui, na simtaki kwenye kisima changu. Wewe mkubwa, hilo ganda ulilolipaka litoe. Sasa hivi, nikiona. Wewe mdogo, puliza upya ufanye unavyojua. Likibanduka nitajua ni la nani."

"Silitoi," Gasto alisema.

"Basi naipeleka Itigi shafti hii pamoja na habari yenyewe. Huyo mnunuzi wako atafurahi kusikia bunduki yako inafanya kazi gani."

Gasto aliichukua shafti, akaifunga kwenye mashine. Alikereza huku taya imemkaza. Mkono wake haukuwa na hasira, hasira ilibaki usoni. Kisu kilikwenda laini, ganda likachanika likaanguka chembe kwa chembe, mpaka kikabaki chuma cha zamani, safi, kimenyooka. Winfrida alimchukia, na alijua kuwa bila mkono huo ganda lake lingekaa upogo hata angelipuliza mwaka mzima.

Alipiga mchanga. Alipuliza. Safari hii hakwenda kunywa chai. Alikaa kwenye kigoda mbele ya shafti, bomba la chuma magotini, na Mama Agripina akakaa mbele yake akimlinda yeye. Ganda lilipokuwa vuguvugu alimimina dawa. Lilikunywa, akaongeza, likakunywa tena, mpaka likakataa. Dawa ilipogandia, Gasto aliirudisha shafti kwenye mashine, akaipa mkato wa mwisho hadi ikang'aa, Winfrida akainywesha dawa tena kufunga vitundu vilivyofunuliwa na kisu. Wakasubiri ikauke.

Gasto akaja na kopo. Hakulifungua. Alilishika tu mbele yake kwa mikono miwili.

"Sasa?" aliuliza.

Neno moja. Hakukuwa na kejeli ndani yake. Winfrida alijua jibu. Vitundu vilishazibwa. Mafuta juu ya ganda lile yasingedhuru kitu, yangefutika njiani kabla ya kufika Ikungi. Ingemgharimu nini? Alimtazama kaka yake, akaikumbuka marahaba, akakumbuka "diploma ya kubandua", na mdomo wake ukafika kabla ya akili.

"Kapake viatu vyako."

Peniel hakucheka. Gasto alilirudisha kopo kwenye rafu, akatoka nje, na hakurudi mpaka pikapu ilipoondoka.

*

Mvua za kwanza zilipita. Mama Agripina hakuja wala hakutuma mtu. Gasto na Winfrida walifanya kazi kwenye chumba kimoja kama watu wanaosubiri mabasi tofauti. Chakula cha mchana kila mmoja alikula kwake.

Siku pikapu iliporudi, Winfrida aliacha kazi akasimama. Mama Agripina alishuka na shafti mkononi. Hakuibwaga. Aliilaza mezani, na ilikuwa nyingine, ya pampu nyingine, imeliwa shingoni vile vile.

"Ile?" Winfrida aliuliza.

"Ile inazunguka. Tumeifungua jana kuitazama. Ukucha hauingii." Alisema hivyo kama anayelalamika. "Hii ni ya kitongoji cha pili. Wameona, wakaanza kelele."

Gasto alizima mashine yake. Akaenda chumba cha nyuma, akarudi amebeba sanduku la bunduki, mipira yake ya gesi imeviringishwa juu. Alipita mbele ya dada yake, akavuka mlango, akaliweka nje, kwenye vumbi, upande wa pili wa kizingiti.

"Neno langu ni neno langu," alisema. "Ni yako. Ichukue uende."

"Kaka..."

"Kompresa ni ya karakana. Mitungi ni ya karakana. Mashine ya kukereza ni yangu. Humu ndani kuna mafuta ya baba, na mimi nitaendelea kupaka. Wewe hutaki. Sawa. Toka."

Maneno yalikuwepo. Winfrida aliyahisi yako pale ulimini, machache, mepesi, kuhusu presi za alizeti na mzee aliyekuwa sahihi mahali pake. Akayameza. Alitoka akaliinua sanduku. Lilikuwa zito kuliko alivyolikumbuka.

"Karibu kibandani kwangu!" Peniel alipaza sauti, lakini macho yake yalimwendea Gasto kwanza. "Ila mimi sina kompresa, nina mapafu tu."

Mama Agripina alikuwa amekwisha kuichukua shafti yake mezani, akaitupa nyuma ya pikapu. Alifungua mlango wa abiria kutoka ndani.

"Una kompresa?"

"Sina."

"Mungaa kuna kijana wa kuziba pancha, anayo. Mitungi tutaikodi. Una mtu wa kukereza?"

Winfrida aligeuka kuitazama karakana.

"Huyo ulimfukuza kwa mdomo wako mwenyewe, nilikuwepo. Panda. Na usidhani nimekupenda. Nataka mtu wa kumlaumu akae karibu na kisima."

"Na mimi siji kulaumiwa bure."

"Nani kasema bure? Panda, umeniziba barabara."

Alipanda, sanduku magotini, magoti yakiwa yamebanwa hadi kwenye dashibodi. Mama Agripina aliwasha gari, likakataa, akaliwasha tena huku akilitukana. Ndani ya karakana mashine ya kukereza ilianza kunguruma. Winfrida alitega sikio bila kutaka. Alitamani asikie kisu kikikwama, asikie hasira imefika mkononi. Mkato ulikuwa safi, mrefu, hauna hata kigugumizi kimoja. Singida nzima hakuna mwingine anayekereza hivyo.

Akasonya, akaubamiza mlango wa gari, ukafunguka wenyewe, akaubamiza tena.